Dalili za Vita Katika Soko la Wajir

Vitabu vya historia hupenda kutaja siku ya kuanza kwa vita. Mwanafunzi hukariri kuwa Vita Vikuu vya Kwanza vilianza mwaka wa 1914 na vya Pili mwaka wa 1939, akaziandika tarehe hizo katika karatasi ya mtihani, akapewa alama zake. Sina ugomvi na tarehe, kwa maana mimi ni mwalimu na faida yake naijua. Walakini mtu aliyeishi mahali palipopigwa vita hatakubali kuwa vita vyake vilianza siku moja. Atakuambia kuwa kabla ya bunduki kulia palikuwa na jirani aliyeacha kuamkia, posa iliyorudishwa, muuza maziwa aliyekataa kumwuzia mtu wa ukoo mwingine, na nyumba iliyovunjwa usiku ikapakiwa juu ya ngamia bila ya majira ya kuhama kufika. Mambo hayo hayaingii vitabuni kwa urahisi. Waandishi walikuwa mahali pengine, nayo yalitokea jikoni, kisimani na sokoni, ambako macho ya wanawake ndiyo yaliyokuwako.

Siku hizi mataifa yameipa jina kazi ya kutafuta dalili kama hizo kabla ya damu kumwagika: huitwa tahadhari ya mapema. Ofisi zimefunguliwa kwa ajili yake, mikataba imetiwa saini, na wataalamu wamepewa mishahara. Katika insha hii nataka kuuliza jambo moja tu juu ya kazi hiyo, nalo ni hili: anayeulizwa habari ni nani? Nitajibu kwa kisa cha mji wa Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, katika mwaka wa 1993 na miaka iliyoufuata. Kisa hicho ni cha nchi yetu wenyewe, nacho kimesomwa mbali sana na hapa, hali wanafunzi wengi wa Kenya humaliza shule bila kukisikia.

Wajir ni nchi ya ukavu, ya vichaka vya miiba na visima vya kale, na wakazi wake walio wengi ni Wasomali wafugao ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Koo zilizo kubwa huko ni Ajuran, Degodia na Ogaden, na pamoja nazo ziko koo nyingine ndogo. Tangu mwisho wa mwaka wa 1963, wakati wa vita vilivyoitwa vya Shifta, mpaka mwaka wa 1991, sehemu hiyo ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Mtoto aliyezaliwa wakati zilipotangazwa alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 28 zilipoondolewa. Ndani ya muda huo, mwezi wa Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Hesabu ya waliokufa hubishaniwa mpaka leo. Wajane na mayatima wao hawana haja ya kubishana.

Kisha, mnamo Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Wakimbizi walivuka mpaka, na silaha zikavuka pamoja nao, hata bunduki ikawa kitu cha kununuliwa na mfugaji kama anunuavyo sukari. Ukame ukaua mifugo. Mwaka wa 1992 uchaguzi wa vyama vingi ulirudi Kenya, na kila kiti cha bunge katika Wajir kikawa mashindano ya ukoo na ukoo juu ya malisho, maji na heshima. Koo zikaanza kuuana. Mamia ya watu walipoteza maisha katika miaka hiyo, mifugo ikaporwa, walimu na waganga wasiokuwa wenyeji wakaondoka, na barabara zikawa za hatari.

Hapa msomaji lazima afahamu jinsi jamaa za Kisomali zilivyopangwa, maana bila ya hayo kisa hakieleweki. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Mwanamke akiolewa nje ya ukoo wake haingii katika ukoo wa mumewe kwa ukamilifu. Hubaki binti wa baba yake, lakini watoto anaowazaa ni wa watu wengine. Koo zikipigana, upande mmoja wamo baba yake na ndugu zake, na upande wa pili wamo mumewe na wanawe. Mwanamume hana pengo la namna hiyo moyoni mwake. Kwake adui ni adui. Kwa mwanamke adui ni mjomba wa mtoto aliye mgongoni.

Jambo hilo ni msiba, na pia ni maarifa. Mwanamke wa namna hiyo husikia maneno ya pande mbili. Aenda kuwasalimu wazazi, arudi kwa mume, na huku na huku ameona ni nani anayesafisha bunduki na ni nani anayezungumza kwa kunong'ona. Tena nyumba ya mfugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, iliyojengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ni kazi ya mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye huisuka, huisimamisha, huivunja na huipakia. Jamaa ikitaka kuondoka kwa siri, habari haziwezi kumpita yeye, kwa sababu ndiye aambiwaye afungue kamba. Maziwa nayo huja mjini kutoka kambi za ngamia kwa mikono ya wanawake, na pamoja na maziwa huja habari: malisho yako wapi, nani amehama, vijana wa kambi gani hawaonekani.

Basi fikiri, msomaji, juu ya mkutano wa wazee. Wazee wa ukoo hukaa chini ya mti, hushauriana juu ya amani na vita, hupima diya, hutoa hukumu. Kwa desturi mwanamke hakai hapo. Akiwa na neno, atalipitisha kwa mumewe au kwa kaka yake, nao huenda wakalisema au wasiliseme. Na mkuu wa wilaya wa serikali, alipotaka kujua hali ya nchi, aliwaita nani? Aliwaita machifu na wazee hao hao. Kwa hiyo waliojua mapema hawakuwa na kiti, na wenye viti walijua wakati mambo yamekwisha kuharibika. Sidhani kuwa palikuwa na nia mbaya katika hilo. Ilikuwa ni mazoea tu, lakini mazoea yakiachwa huua watu sawasawa na nia mbaya.

Katikati ya mwaka wa 1993 vita viliingia sokoni. Wanawake wa koo zilizokuwa zikipigana walianza kuzuiana: huyu asimwuzie yule, yule asiweke biashara yake karibu na hawa. Huenda mtu akaliona jambo hilo kuwa dogo. Mimi nasema halikuwa dogo. Soko ni mahali pa mwisho kugawanyika, kwa sababu njaa haina ukoo na kila mtu ana haja ya chumvi. Watu wakiwa tayari kukosa chakula kuliko kukinunua kwa fulani, basi wamekwisha kumtoa fulani katika hesabu ya wanadamu.

Katika mji huo aliishi Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu, aliyezaliwa Wajir mwaka wa 1964. Mwenyewe alisimulia baadaye kuwa usiku mmoja wa mwaka huo wa 1993 risasi zilisikika karibu na nyumba yake, akamchukua binti yake wa kwanza, wakajificha chini ya kitanda kwa saa nyingi. Asubuhi mama yake Dekha alikumbuka kuwa katikati ya miaka ya 1960, yeye naye alimficha Dekha, aliyekuwa mtoto mdogo, chini ya kitanda kwa sababu ile ile. Dekha akaona kuwa akinyamaza, binti yake naye siku moja atamficha mjukuu mahali hapo.

Wanawake wachache wenye elimu na kazi, wa koo mbalimbali, walikutana katika arusi wakaanza kuzungumza. Napenda kuwa ilikuwa arusi. Hakuna askari awezaye kuushuku mkusanyiko wa wanawake penye arusi, wala mzee awezaye kuwauliza wanashauri nini. Kutoka hapo waliwaita wanawake wa koo zote, wakiwamo wauzaji wa sokoni, ambao ndio waliokuwa na habari na ndio waliokuwa wakizuiana. Na kabla ya kuanza kazi waliulizana swali ambalo naliona kuwa gumu kupita maswali yote yaliyoulizwa katika mikutano ya amani ya wakati ule: watu wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako, je, utaendelea kufanya kazi pamoja nami? Asiyeweza kuitika asijiunge.

Kazi yao ya kwanza haikuwa kuhubiri. Walikubaliana kuwa soko la Wajir litakuwa wazi kwa kila mwanamke wa kila ukoo, kuuza na kununua, wakaweka kamati ya kuliangalia. Kamati ilikuwa ikisikia kila ugomvi na kuutatua pale pale kabla haujabebwa mpaka nyumbani kwa waume na wana. Kwa mtazamo wa kwanza hiyo ni kazi ya kuamua magomvi ya wachuuzi. Kwa kweli ilikuwa ni kituo cha tahadhari ya mapema, kilichoanzishwa miaka tisa kabla ya serikali za sehemu hii ya Afrika kutia saini mkataba wa kuwa na kituo kama hicho. Wanawake hawa hawakukiita kwa jina hilo. Walijua tu kuwa neno chafu lililotamkwa asubuhi penye maziwa huweza kuwa mazishi ya jioni.

Baada ya soko waliwaendea wazee, na hapo walitumia akili nyingi. Hawakuanza na wazee wa koo zilizokuwa zikipigana, kwa kuwa hao walikuwa wamefungwa na heshima zao; waliwaomba wazee wa koo ndogo, zisizo na kisasi katika mambo hayo, wawe wasuluhishi. Wazee wakakutana. Mwezi wa Septemba 1993 koo zilikubaliana juu ya Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha amani na za kuamua makosa yatakayotokea baadaye. Kisha vijana wakaunda chama chao, wenye mali wakasaidia, na mkuu wa wilaya akavutwa ndani ya kazi. Mwaka wa 1995 vikundi hivyo vyote viliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyoingizwa katika utawala wa wilaya chini ya mkuu wa wilaya mwenyewe. Kamati ilikuwa na kikosi cha watu wa kwenda mbio: habari ya wizi wa mifugo au ya mauaji ikifika, wazee, viongozi wa dini, wanawake na maafisa wa usalama hupanda gari pamoja wakaenda mahali penyewe kabla ya kisasi kutimizwa. Mfano huo uliigwa katika wilaya nyingine za kaskazini, na mwaka wa 2001 serikali ya Kenya iliweka kamati ya taifa ya kuongoza kazi za amani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kuwa mwanamke kwa maumbile yake ni mpenda amani na mwanamume ni mpenda vita. Maneno hayo ni matamu kwa hotuba, lakini historia inayakataa. Wanawake waliozuiana katika soko la Wajir walikuwa wanawake. Katika jamii nyingi za wafugaji, nyimbo za wanawake ndizo humsifu aliyerudi na mifugo ya watu na kumdhihaki aliyebaki nyumbani, hata kijana akaona afadhali kufa kuliko kuimbwa. Kwa Wapokoti, leketyo, yaani mshipi ambao mwanamke huuvaa wakati wa mimba, huvaliwa na mama pia wakati mwanawe anapokwenda kuvamia mifugo, kwa imani kuwa utamlinda. Na mshipi huo huo ukivuliwa na kuwekwa baina ya wapiganao huweza kuwasimamisha. Kitu kimoja, mikono ile ile, na kazi mbili zinazopingana. Basi mtu atafutaye dalili na asitazame kina mama wamevaa nini, wala asisikilize wanaimba nini jioni, ameacha ukurasa mzima bila kuusoma. Wimbo wa kuwadhihaki vijana ni habari ya usalama. Ukianza kuimbwa upya baada ya kunyamaza kwa miezi, yafaa mtu fulani ajulishwe.

Tena neno jinsia halina maana ya wanawake peke yao, ingawa wengi hulitumia hivyo. Wanaume nao hubanwa na yale wanayotakiwa kuyatimiza kwa kuwa ni wanaume. Katika nchi za Waturkana, Wapokoti, Wasamburu na Wakaramoja, kijana hawezi kuhesabiwa mtu kamili mpaka aoe, na hawezi kuoa mpaka atoe mahari ya mifugo. Ukame ukiua mifugo ya baba yake, au mahari ikipanda, kijana huyo husimama nje ya mlango wa utu uzima akiwa na miaka 25 au 30, na bunduki inapatikana. Maafisa huhesabu bunduki. Wakiwa hodari zaidi hupima mvua. Lakini ni nani ahesabuye posa zilizocheleweshwa? Hesabu hiyo kina mama wanayo vichwani, kijiji kwa kijiji, na wangeitoa kama wangeulizwa. Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wataje dalili za vita. Wakataja silaha, hotuba za chuki na makaratasi ya vitisho. Hapana aliyetaja mahari, nao wengi walikuwa wakitafuta mahari wakati huo huo!

Tutoke Kenya kidogo twende Rwanda, kwa sababu huko ndiko kulikoonekana kwa uchungu mwingi jinsi dalili moja inavyoweza kusikiwa na nyingine kuachwa. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alipeleka simu New York kuonya kuwa silaha zilikuwa zimefichwa na kwamba palikuwa na mpango wa kuwaua Watutsi. Simu hiyo imekuwa mashuhuri, nayo yastahili. Walakini zaidi ya miaka mitatu kabla yake, mwezi wa Desemba 1990, gazeti lililoitwa Kangura lilikuwa limetangaza hadharani yale yaliyoitwa amri kumi za Wahutu. Amri tatu za kwanza hazikutaja silaha wala madaraka. Zilitaja wanawake. Ya kwanza ilimhesabu kuwa msaliti kila Mhutu aliyeoa mwanamke wa Kitutsi, au aliyemfanya hawara, au aliyemwajiri kuwa karani. Ya pili iliwasifu binti za Kihutu kuwa ndio wanaofaa. Ya tatu iliwataka wanawake wa Kihutu wawarudishe waume, kaka na wana wao katika njia hiyo.

Angalia utaratibu wake. Kabla ya kuwagawa watu kwa panga, waandishi wale walianza kuwagawa kwa ndoa, kwa sababu ndoa ndizo zilizokuwa zimewachanganya. Aliyetaka kujua Rwanda inaelekea wapi angeweza kulinunua gazeti hilo. Kuanzia Aprili 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa, na Umoja wa Mataifa ulikadiria baadaye kuwa wanawake walionajisiwa ni baina ya 250,000 na 500,000. Mnamo Septemba 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliamua kwa mara ya kwanza kuwa kunajisi huweza kuwa sehemu ya kosa la kuangamiza kabila. Sheria ilifika pale ilipofikishwa na gazeti, ikiwa imechelewa karibu miaka minane.

Ulimwengu ulijifunza kitu, ijapokuwa polepole. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325, likitaka wanawake washirikishwe katika kuzuia vita na katika kuvimaliza. Mwaka wa 2002 nchi za jumuiya ya IGAD zilitia saini mkataba wa kuanzisha chombo cha tahadhari ya mapema kiitwacho CEWARN, kilichoanza na mipaka ya wafugaji, ukiwamo ule wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan ya wakati huo. Wapelelezi wake hukaa vijijini na kujaza fomu. Fomu ni kitu kizuri, maana humlazimisha mtu kutazama kila juma hata asipotaka. Lakini fomu huona yale tu iliyofundishwa kuyaona. Ikiwa ina mstari wa ng'ombe walioibiwa na haina mstari wa wake waliorudi kwa baba zao bila talaka, itajazwa kikamilifu, itatumwa kwa wakati, nayo itakuwa kipofu. Na ikiwa mjaza fomu ni mwanamume, huenda mila ikamzuia kuketi na kina mama kisimani, hata mstari ukiwapo.

Lipo tatizo la pili, nalo haliondoki kwa kuongeza wanawake katika orodha ya watoa habari. Kuonya si kusikiwa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, iliandika mwaka wa 2008 kuwa watu 1,133 walikufa, na kwamba idara ya ujasusi ya taifa ilikuwa imeyaona mambo hayo yakija. Maonyo yalikuwako; hatua za kuyazuia hazikutosha. Kama idara ya serikali yenye magari, simu na mishahara ilionya na mambo yakatokea vile vile, mama muuza maziwa atapata wapi nguvu ya kusikiwa?

Nguvu ya wanawake wa Wajir ilitoka katika jambo ambalo wataalamu mara nyingi hulisahau wanapolisifu. Hawakukusanya habari ili kumpelekea mtu mwingine aamue. Aliyeuona ugomvi sokoni ndiye aliyeuamua, siku ile ile, kwa idhini ya wenzake. Palipohitajiwa wazee, waliwajua kwa majina. Palipohitajiwa gari la serikali, walikuwa na kiti ndani ya kamati iliyolitoa. Baina ya jicho na mkono hapakuwa na safari ndefu. Mwaka wa 2010, katika siku za kura ya maoni juu ya katiba, Kenya ilifungua namba ya bure, 108, ili mwananchi apeleke habari za hatari kwa simu ya mkononi. Huo ulikuwa ufundi mzuri, na mtu wa mbali alipata sauti. Lakini habari hizo husafiri mpaka katika meza ya mjini, na mpokeaji hajui kama aliyeandika ni mama wa watoto sita au mchochezi, wala hajui kuwa katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa mume.

Dekha Ibrahim Abdi alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, akafariki Julai 2011 kwa majeraha ya ajali ya gari. Mwaka wa 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, na pamoja nazo vikaja viti vipya vyenye fedha nyingi, viti ambavyo koo zilivitazama kama zilivyovitazama viti vya bunge mwaka wa 1992. Mwaka uliofuata Wadegodia na Wagarre walipigana katika mpaka wa Wajir na Mandera, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Kamati zilikuwako, fomu zilikuwako, na namba ya simu ilikuwako.

Mapigano hayo ya 2014 bado hayajaandikwa sana na wanahistoria, na kwa mwanafunzi wa kaskazini apendaye somo hili kazi iko karibu naye. Tarehe za risasi atazipata katika magazeti. Yaliyobaki aende akawaulize wauza maziwa: nani aliacha kununua kwa nani, ni arusi ipi iliyoahirishwa, ni nyumba zipi zilizovunjwa kabla ya majira, na ilikuwa siku gani.